Chai ya kijani haichukui nafasi ya dawa za presha

Binti anayefanya kazi mjini amemtumia mama yake kifurushi kwa basi. Ndani kuna boksi la chai ya kijani na kikopo cha vidonge vilivyotengenezwa kwa majani hayohayo. Jioni anapiga simu.

“Shikamoo mama. Mzigo umefika?”

“Marahaba mwanangu, umefika. Sasa hivi vitu vinatumikaje?”

“Asubuhi kabla hujala kitu, unameza vidonge viwili halafu unashushia na kikombe kimoja cha hiyo chai. Wanasema ukimaliza mwezi, hata dawa za presha unaachana nazo.”

“Mungu akubariki. Maana zile dawa zimenichosha.”

Mazungumzo ya namna hii hayana mwenyewe mmoja. Yanafanyika katika nyumba nyingi, na karibu kila mara aliyenunua amefanya hivyo kwa upendo. Ameona tangazo kwenye simu, picha ya jani bichi lenye umande, na chini yake ahadi: inaondoa sumu mwilini, inayeyusha kitambi, inazuia saratani, inashusha presha, kwa sababu ina antioksidanti. Neno hilo la mwisho ndilo linalobebeshwa mzigo wa mengine yote. Halieleweki sana, na pengine ndiyo maana linauza.

Jambo ambalo muuzaji hasemi ni kwamba chai ya kijani haitoki kwenye mti wa ajabu. Mchai ni uleule, Camellia sinensis, unaolimwa Mufindi, Rungwe, Lushoto, Kericho na Nandi. Tofauti inaanzia kiwandani. Jani likishachumwa na kusagwa, kimeng’enya kilichomo ndani yake kinakutana na hewa na jani linageuka rangi, kama parachichi lililokatwa likasahaulika mezani. Likiachwa ligeuke kabisa kisha likakaushwa, hiyo ndiyo chai nyeusi, ile ya kila siku ya dukani kwa Mangi. Likiwahiwa mapema kwa mvuke, kama wafanyavyo Wajapani, au kwa kukaangwa kwenye karai la moto, kama wafanyavyo Wachina, kimeng’enya kinazimwa na jani linabaki kijani.

Kinachobaki pamoja na ule ukijani ni kundi la kemikali ziitwazo katekini, ambazo ni jamii ya polifenoli. Mmea unazitengeneza kujilinda, na ndizo zinazoleta ule uchungu unaokausha ulimi. Aliyezitenga kutoka kwenye chai ya kijani mwaka 1929 ni mwanasayansi wa kike wa Japani, Michiyo Tsujimura, ambaye miaka mitatu baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza nchini mwake kupata shahada ya udaktari wa kilimo. Katekini inayozungumzwa kuliko nyingine siku hizi inajulikana kwa kifupi EGCG, na kikombe cha kawaida cha chai ya kijani huwa na takriban miligramu 50 hadi 100 za hiyo. Katika chai nyeusi nyingi ya katekini imegeuka kuwa polifenoli za aina nyingine, ndizo zinazoipa ule wekundu. Hazikupotea, zimebadilika.

Sasa hilo neno lenyewe. Mwili unachoma chakula kwa kutumia oksijeni, na kama jiko la mkaa linavyorusha cheche, uchomaji huo unaacha chembe zisizotulia ambazo huitwa chembe huru. Moshi wa sigara na jua kali navyo vinaziongeza. Zikizidi zinaharibu kuta za seli na hata vinasaba. Antioksidanti ni kitu chochote kinachozima cheche hizo. Mwili una vizimaji vyake, na vingine tunavipata kwenye matunda, mboga, maharage, viungo na chai. Ni vizuri kukumbuka pia kwamba si kila cheche ni adui, maana seli nyeupe za damu huzitumia kuulia vijidudu.

Kwenye bomba la maabara katekini ni hodari sana wa kuzima. Tumbo la binadamu, hata hivyo, si bomba la maabara. Sehemu ndogo tu ya katekini inayonywewa ndiyo inayoingia kwenye damu, nayo mwili unaibadilisha na kuitoa ndani ya saa chache. Kwa hiyo mtu anayesema “ina antioksidanti” amesema kweli, ila bado hajasema lolote kuhusu presha ya mama.

Dunia ilijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Finland kwa wanaume wavutaji sigara 29,133. Baadhi yao walipewa vidonge vya beta-karotini, ile antioksidanti ya karoti, kwa matumaini kwamba ingewakinga na saratani ya mapafu. Waliomeza beta-karotini walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Hakuna aliyeacha kula karoti kwa sababu hiyo, wala hapakuwa na haja. Kilichoonekana ni kwamba kemikali iliyotolewa kwenye chakula ikafungwa kwenye kidonge kwa kipimo kikubwa inaweza kuwa na tabia tofauti kabisa na ile iliyokuwa nayo ndani ya chakula.

Je, chai ya kijani yenyewe, ile ya kunywa, ina faida? Ushahidi unaotajwa sana unatoka mkoa wa Miyagi, kaskazini mashariki mwa Japani. Watafiti waliwafuatilia watu wazima 40,530 wenye umri wa miaka 40 hadi 79, na wakachapisha walichokiona mwaka 2006. Waliokunywa vikombe vitano au zaidi kwa siku, wakilinganishwa na waliokunywa chini ya kikombe kimoja, walikuwa na vifo pungufu: kwa asilimia 23 kwa wanawake na 12 kwa wanaume. Nafuu kubwa ilikuwa upande wa moyo na mishipa ya damu, hasa kiharusi. Upande wa saratani hakukuonekana tofauti. Sentensi hiyo ya mwisho haipo kwenye matangazo.

Hata hizo asilimia zinahitaji tahadhari. Mtu anayekunywa vikombe vitano vya chai isiyo na sukari kila siku huenda anatofautiana na jirani yake kwa mengine mengi: anachokula, anavyotembea, na kile ambacho hanywi kwa sababu tayari ameshiba chai. Watafiti hujaribu kuyaondoa hayo kwa hesabu, lakini hawawezi kuyamaliza. Katika majaribio ambayo watu waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa chai na wengine wasipewe, presha ya juu ilishuka, lakini kidogo: kama nukta moja au mbili hivi za kipimo. Mama ambaye mashine inamsomea 165 hatafika mahali salama kwa nukta mbili. Dawa aliyoandikiwa ndiyo inayomfikisha.

Kuhusu kitambi, jopo la Cochrane lilikusanya majaribio ya chai ya kijani kwa watu wenye uzito mkubwa na kutoa tathmini yake mwaka 2012. Uzito uliopungua ulikuwa mdogo kiasi cha kutokuwa na maana kiafya. Kuhusu saratani, jopo hilohilo lilipitia mwaka 2020 tafiti 142 zilizohusu watu zaidi ya milioni moja, na matokeo yalikuwa yanapingana.

Kwa familia za huku kwetu kuna habari nyingine iliyostahili kelele zaidi. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliofuatilia karibu watu nusu milioni, na wanywaji wake wengi walikuwa wa chai nyeusi. Waliokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia kati ya 9 na 13. Waliotia maziwa na wasiotia, hali ilikuwa ileile. Nao ni utafiti wa kufuatilia, kwa hiyo tahadhari ni zilezile. Lakini kama jani la mchai lina wema, basi wema huo unaonekana umo hata kwenye sufuria ya chai ya rangi, na hakuna haja ya kukopa ili kununua boksi lililotoka ng’ambo.

Turudi kwenye kile kikopo, kwa sababu hapo ndipo hatari ilipo. Vidonge vya chai ya kijani si chai iliyofungwa vizuri. Ni kemikali ya majani mengi iliyokolezwa ikawekwa kwenye kidonge kimoja. Mwaka 2003 Ufaransa na Hispania ziliondoa sokoni bidhaa ya kupunguza uzito iliyotengenezwa hivyo baada ya watumiaji kadhaa kuumia ini. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilisema chai ya kunywa kwa jumla ni salama, lakini vidonge vinavyompa mtu miligramu 800 au zaidi za EGCG kwa siku vinahusishwa na dalili za ini kudhurika. Tangu mwishoni mwa 2022 sheria ya huko inavitaka vidonge hivyo viwe chini ya kiwango hicho na kifungashio kiseme wazi kwamba haviwafai wajawazito, wanaonyonyesha wala walio chini ya miaka 18, na kwamba visimezwe tumbo likiwa tupu.

Tumbo tupu. Yaani kinyume kabisa na yale maelekezo ya simu. Mtu asipokula, kemikali hiyo inaingia kwenye damu kwa wingi zaidi na kwa mara moja, na ini ndilo linalolipokea. Wanaoumia ni wachache, lakini hakuna anayejua mapema kama yeye ni mmoja wao. Dalili za kuangalia ni macho kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, mwili kuwasha bila vipele, kichefuchefu na uchovu usioelezeka. Anayeziona aache vidonge siku hiyohiyo na aende hospitali akiwa na kikopo mkononi. Asingoje dozi iishe.

Kuna pia suala la chai kugombana na dawa. Huko Japani watu kumi wenye afya walikunywa mililita 700 za chai ya kijani kwa siku kwa wiki mbili, kisha wakapewa kidonge kimoja cha nadololi, mojawapo ya dawa za presha. Kiasi cha dawa kilichopatikana kwenye damu yao kilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Si kila dawa ya presha iko hivyo, na nyingi zinazotolewa kliniki zetu ni za aina nyingine. Anayetumia warfarini ya kuyeyusha damu naye asibadilishe ghafla kiasi cha chai anachokunywa bila kumwambia daktari, na anayepata matibabu ya saratani asimeze kidonge chochote cha mitishamba kwa siri. Kwa walio wengi ushauri ni mwepesi: dawa imezwe kwa maji. Kwa nini mtu ameze dawa kwa chai, wakati mtungi uko palepale?

Jambo linalowagusa watu wengi zaidi kuliko yote haya, na ambalo matangazo hayagusi kabisa, ni damu. Polifenoli zinazosifiwa zina tabia ya kushikana na madini ya chuma tumboni, hasa chuma kinachotoka kwenye mimea: maharage, mchicha, matembele, dengu, uwele. Kikishashikwa hakiingii mwilini. Kinatoka kama kilivyoingia. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1999 yaliwapa watu mkate pamoja na chai nyeusi, na chuma walichofyonza kilipungua kwa kati ya asilimia 79 na 94. Chai ya kijani nayo ina tabia hiyohiyo. Chuma cha nyama, maini na samaki hakiathiriki sana, lakini ni nyumba ngapi zinakula nyama kila siku?

Na sisi chai hatuinywi pembeni ya chakula. Kwa Kiswahili chai ndiyo chakula chenyewe cha asubuhi; mtu anapoulizwa kama ameshakunywa chai, anaulizwa kama ametia kitu tumboni. Ni chai na chapati, chai na maharage, chai na mihogo, chai na kiporo cha jana. Hapo weka mjamzito, ambaye mahitaji yake ya chuma yamepanda, na ambaye kliniki imempa vidonge vya kuongeza damu. Akivimeza kwa chai ya asubuhi ili visimtie kichefuchefu, anapoteza sehemu ya kile alichopanga foleni kukipata. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya wanawake wanne kati ya kila kumi wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Chai siyo sababu pekee, maana kuna malaria, minyoo, hedhi nyingi na lishe duni. Lakini hii ya chai inarekebishika bila shilingi hata moja.

Marekebisho yenyewe ni saa. Jaribio dogo la Uingereza lililochapishwa mwaka 2017 lilionyesha kwamba wanawake walioinywa chai saa moja baada ya kula walifyonza chuma kingi kuliko walioinywa pamoja na chakula. Kwa hiyo mjamzito, msichana aliyeanza hedhi, mtoto mdogo na yeyote aliyeambiwa damu yake iko chini, wale kwanza, washushie na maji, na chai ije saa moja au zaidi baadaye. Kipande cha chungwa, embe au papai pembeni ya maharage kinasaidia upande wa pili, kwa sababu vitamini C inakisukuma chuma kiingie. Mtoto wa miaka miwili anayechovya mkate kwenye chai ya rangi kila asubuhi hajafanyiwa ukatili, ila uji wenye maziwa au dagaa waliosagwa ungemfaa zaidi. Bibi aliyemzoesha hatapenda kusikia hivyo, na aambiwe kwa upole.

Mjamzito ana sababu nyingine ya kutozidisha, nayo ni kafeini. Shirika la Afya Duniani linashauri anayetumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze. Vikombe viwili vitatu vya chai haviifikii hesabu hiyo, lakini chai, kahawa na soda za kola zinajumlishwa pamoja.

Halafu kuna moto. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Kosa halimo kwenye majani. Ni joto lenyewe linalounguza ngozi laini ya ndani mwaka hadi mwaka. Ukanda wa mashariki mwa Afrika una wagonjwa wengi wa saratani hiyo, na watafiti waliopima chai Kilimanjaro, matokeo yakachapishwa 2015, waliona watu wakianza kuinywa ikiwa na wastani wa nyuzi 70 hivi. Wapo wanaojisifu kwamba wao huinywa ikiwa inachemka. Kungoja dakika tano, au kuihamisha toka kikombe hadi kikombe kama wanavyofanya wauza chai wa stendi, kunatosha.

Chai ya kijani yenyewe haipendi maji yanayotokota. Ukiyamimina hivyo inakuwa chungu, na hapo ndipo mtu anapoongeza kijiko cha tatu cha sukari. Maji yakishachemka yaachwe yapumue kidogo, majani yalowe dakika mbili au tatu, kisha yachujwe. Wazee wa Miyagi waliohesabiwa kwenye ule utafiti hawakuwa wanakunywa sharubati. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku, ambazo ni kama vijiko 12 vya chai, na ikiwezekana nusu yake. Vijiko vitatu kwa vikombe vinne, hesabu imeshaisha kabla ya soda na andazi.

Sasa yule mama, na boksi lake, na kikopo chake. Kama binti amesoma hadi hapa, simu ya pili ni rahisi.

“Mama, vile vidonge usivimeze kwanza. Vitie kwenye mfuko wa kliniki pamoja na kadi, daktari avisome.”

“Na hii chai?”

“Chai kunywa mama, si mbaya. Ila iwe saa nne, ukishakula, na usiiache dawa ya presha hata siku moja.”

“Haya mwanangu. Sukari je?”

“Kijiko kimoja, mama.”

“Kimoja?”